Usukani Bila Nahodha

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, juu ya dari au kwenye mnara wa uani, kuna tangi la maji, na ndani ya tangi hilo mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Maji yakipungua, boya hushuka, mkono hufungua mlango wa bomba, na maji huingia. Maji yakijaa, boya hupanda na mlango hufungwa. Hakuna anayekesha kulilinda tangi, wala hakuna anayepanda ngazi kila saa kuchungulia. Kazi hujiendesha yenyewe.

Twaanza na boya hili kwa sababu ndani yake mna asili ya elimu ambayo leo inaongoza ndege angani, magari yasiyo na dereva, mikono ya chuma viwandani na vyombo vingine vingi ambavyo vijana wetu hutuonyesha kwenye simu zao, kisha wakatuuliza: ni nani aliye ndani anayeviendesha? Mzazi asiyekuwa na jibu hunyamaza, au husema kwamba ni mambo ya Wazungu, na mtoto huondoka na kiu yake. Hayo si malezi mema. Ndani ya vyombo hivyo hamna mtu, wala hamna jini. Mna hesabu, na hesabu hiyo yaelezeka. Tena tuna sababu nzito ya kuielewa, kwani mashine zinazojiongoza zimeshaingia katika maisha yetu kwa heri, na mara moja ziliingia kwa msiba uliozifikia nyumba za Wakenya wengi.

Hila za kale za Baghdad

Boya la kudhibiti maji ni la zamani mno. Mafundi wa Iskandaria walilitumia katika saa za maji kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Lakini waliolipanua jambo hili na kuliandika kwa upana walikuwa ndugu watatu wa Baghdad: Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, waliolelewa chini ya hisani ya Khalifa al-Ma'mun. Katika karne ya tisa ya Miladia walitunga Kitabu cha Hila, wakaeleza humo vyombo vipatavyo 100. Miongoni mwavyo kulikuwa na taa zilizojisogezea utambi zenyewe, chemchemi zilizobadilisha umbo la maji yake, na vyombo vilivyojijaza kila vilipopungua. Neno hila hapa halina maana ya ulaghai. Lilimaanisha werevu wa kuifanya maumbile itumike bila kusukumwa kila mara.

Baada yao akaja al-Jazari, fundi mkuu katika ikulu ya watawala wa Artuqi huko Diyarbakir, mji ambao leo umo katika Uturuki. Mwaka 1206 alimaliza kitabu chake chenye vyombo 50, akieleza kila kimoja kwa picha na vipimo ili fundi mwingine aweze kukijenga. Mna saa kubwa za maji, mitambo ya kuteka maji, na mashua yenye sanamu za wapiga ngoma ambao mapigo yao yaliweza kubadilishwa kwa kuhamisha vijiti kwenye gogo linalozunguka. Twayataja haya ili kijana wetu ajue kwamba elimu hii haikuota jana katika nchi za mbali, na kwamba ina mlango ambao hata yeye anaweza kuingilia.

Katika vyombo vyote hivyo, kazi ya kujiongoza ina nguzo tatu. Ya kwanza ni kuhisi: boya hulijua kimo cha maji. Ya pili ni kulinganisha: kimo kilichopo kina tofauti gani na kimo kinachotakiwa? Tofauti hiyo mafundi huiita kosa. Ya tatu ni kurekebisha: mlango hufunguliwa au hufungwa ili kosa lipungue, kisha chombo huhisi upya. Mzunguko huo hauna mwisho.

Mafunzo ya mshika sukani

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Norbert Wiener, alipotafuta jina la elimu ya kujiongoza, alilichukua kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Watu wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa kwa nini. Hakuna kazi inayoionyesha elimu hii kwa uwazi zaidi kuliko ile ya mtu aliyekaa tezi akiishika sukani, macho yake kwenye dira na mwili wake ukilisikiliza tanga.

Aliyeisoma kazi hiyo kwa jicho la hesabu ni mhandisi mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, aliyehamia Marekani. Jeshi la majini lilitaka manowari ziweze kujiongoza. Badala ya kuanza na vitabu, Minorsky aliwatazama washika sukani wenyewe, akataka kujua mtu mzoefu hufanya nini hasa. Mwaka 1922 alichapisha aliyoyagundua, na mtambo wake ukajaribiwa kwenye manowari iliyoitwa New Mexico.

Aligundua kwamba mshika sukani hodari hutazama mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, hutazama kosa la sasa: omo imepotoka kiasi gani kutoka kwenye njia? Ikipotoka sana, huvuta sana. Ikipotoka kidogo, huvuta kidogo. Pili, hukumbuka kosa lililolimbikizana: ikiwa kwa muda mrefu chombo kimekuwa kikisukumwa upande mmoja na mkondo, hata kama kila mara ni kidogo, basi huiweka sukani ikiegemea upande wa pili ili kulipa deni hilo. Tatu, hutazama mwendo wa kosa: ikiwa omo yarudi njiani kwa kasi, huanza kuilegeza sukani kabla haijafika, kwani akingoja hadi ifike, itapita na kuangukia upande wa pili. La kwanza ni la sasa, la pili ni la jana, la tatu ni la kesho.

Mambo hayo matatu, yakichanganywa kwa vipimo vinavyofaa, ndiyo hesabu inayotumika zaidi duniani hadi leo katika kujiongoza kwa mitambo. Imo katika matanuri ya viwanda, katika pampu, katika injini, na katika vile vyombo vidogo vinavyoruka vikipiga picha za maarusi.

Ugumu uko katika vipimo hivyo. Asiyerekebisha vya kutosha huachwa na mkondo. Anayerekebisha kupita kiasi hukifanya chombo kiyumbe kulia na kushoto, kila mara zaidi, hadi kikapinduka. Jambo hili liliwasumbua mafundi wa injini za mvuke tangu James Watt alipozifunga mipira miwili inayozunguka mwaka 1788 ili idhibiti kasi. Baadhi ya injini zilitulia, nyingine zikawa zinapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika hesabu ya kueleza ni lini mtambo hutulia na ni lini huyumba. Hapo ikathibiti kwamba kurekebisha kwa nguvu nyingi si sawa na kurekebisha vyema, funzo ambalo walezi wa watoto wanalijua kwa njia yao.

Shahidi mmoja na mashahidi wengi

Lakini sukani haina faida ikiwa macho yanadanganya. Kila kihisi, kiwe dira, kamera au kipima kasi, huleta habari zilizochanganyika na makosa. Mashine itaamini nini?

Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Hungaria aliyesomea Marekani, alitoa jibu ambalo lingali likitumika. Mashine na iwe na makisio yake mwenyewe: kwa kujua nilipokuwa na nilivyokwenda, natarajia kuwa mahali fulani sasa. Kisha isikilize vihisi vinasema nini. Halafu ipime: makisio yangu yana uhakika kiasi gani, na kila shahidi ana uaminifu kiasi gani? Anayeaminika zaidi apewe uzito zaidi. Matokeo yake huwa bora kuliko kauli ya yeyote kati yao peke yake. Hesabu hii ilitumika katika safari za Apollo zilizowafikisha wanadamu mwezini mwaka 1969.

Nahodha wa jahazi alifanya hivyo bila kalamu. Alikuwa na makisio ya mwendo, alikuwa na nyota, alikuwa na rangi ya maji na ndege wa nchi kavu. Kimoja kikimwambia jambo la ajabu, hakugeuza chombo papo hapo. Alivisikiliza vingine kwanza. Twamwomba msomaji aishike nukta hii, kwa maana tutairudia mahali ambapo kuisahau kulileta maafa.

Kuichagua njia

Kushika njia ni jambo moja. Kuijua njia ya kushikwa ni jambo jingine. Hapa ndipo kompyuta zilipoingia.

Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa Amsterdam na mchumba wake. Walikuwa wamechoka kwa kuzunguka madukani, wakaketi mkahawani kunywa kahawa. Katika muda wa kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi, akapata kichwani namna ya kuitafuta njia fupi kuliko zote baina ya miji miwili. Aliichapisha mwaka 1959. Wazo lenyewe ni jepesi: anza ulipo, tia alama mahali palipo karibu nawe zaidi, kisha palipo karibu zaidi baada ya hapo, na uendelee hivyo kama maji yanavyoenea sakafuni, hadi yaifikie nyumba unayoitaka. Njia ambayo maji yalifikia kwanza ndiyo fupi.

Ubaya wake ni kwamba maji huenea pande zote. Anayetoka Mji wa Kale wa Mombasa akienda Malindi, hesabu hii itachunguza Likoni na Mariakani kama inavyochunguza Mtwapa, ilhali kila mtu ajua kwamba Malindi iko kaskazini. Mwaka 1968 watafiti watatu wa California, Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakishughulika na roboti iliyoitwa Shakey, yaani mwenye kutikisika, waliongeza jambo moja: kila mahali papimwe kwa umbali uliokwisha kutembewa pamoja na makisio ya umbali uliobaki. Basi utafutaji ukaelemea upande wa lengo. Hesabu hiyo ingali inatumika katika roboti na katika michezo ya kompyuta ambayo watoto huicheza.

Mtu angedhani kazi imekwisha. Haijakwisha, kwa sababu roboti si gari linalopita barabarani tu. Tuchukue mkono wa chuma wenye viungo saba. Ukiigawa miondoko ya kila kiungo katika sehemu 100, namna za kuuweka mkono huo zinafika trilioni 100. Mashine inayochunguza namna milioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka mitatu kuzimaliza, na wakati huo kikombe kilichopaswa kuinuliwa kingekuwa kimeota ukungu. Richard Bellman, mwanahisabati wa Marekani aliyeweka misingi ya hesabu za kuchagua hatua bora katika miaka ya 1950, aliliita tatizo hili laana ya vipimo vingi.

Dawa iliyopatikana katika miaka ya 1990 ni ya unyenyekevu: usichunguze kila mahali. Chagua sehemu chache kwa kubahatisha, uziunganishe zile ambazo njia baina yake haigongi kitu, na uache mti wa njia uote kuelekea penye nafasi. Steven LaValle alieleza mti wa namna hiyo mwaka 1998. Njia ipatikanayo yaweza isiwe bora kuliko zote, ila yapatikana upesi, kisha hunyooshwa na kulainishwa kidogo kidogo. Mwanadamu naye, akipita gizani katika chumba chenye watu waliolala, hatafuti njia bora kuliko zote. Hutafuta njia isiyomkanyaga mtu.

Mashine inayojifunza

Hadi hapa tumesema juu ya mashine zilizoambiwa kila kitu na wanadamu. Zipo sasa zinazojifunza.

Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alichapisha habari za programu iliyocheza drafti na ikawa inaboresha uchezaji wake, baadhi ya wakati kwa kucheza dhidi ya nakala yake yenyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, Andrew Barto na Richard Sutton walilijenga wazo hilo likawa elimu kamili, na wakatunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2024, ambayo katika kompyuta haina ya kuizidi. Msingi wake ni huu: mashine hujaribu tendo, hupewa tuzo au hunyimwa, nayo hubadili mwenendo wake ili tuzo zake za siku zijazo ziwe nyingi kwa jumla. Tuzo yenyewe ni nambari tu. Ugumu ni kujua ni tendo lipi katika matendo mengi lililoleta tuzo iliyokuja baadaye, kama mchezaji wa bao anayeshinda jioni na kujiuliza ni kete ipi ya mchana iliyompa ushindi.

Kujifunza kwa namna hii kunahitaji majaribio mengi mno, na roboti ikianguka huvunjika. Kwa hiyo wataalamu huijengea ulimwengu wa bandia ndani ya kompyuta, ikaanguke humo mara milioni bila hasara. Mwaka 2018 kampuni ya OpenAI ilionyesha mkono wa roboti uliojifunza kugeuza bao la mraba kwa vidole vyake. Mkono huo ulikuwa umefanya mazoezi ya takriban miaka 100 katika ulimwengu wa bandia, yaliyokusanywa kwa siku chache kwa kuzitumia kompyuta nyingi pamoja. Na kwa kuwa ulimwengu wa bandia haufanani sawasawa na wa kweli, waliubadilishabadilisha kwa makusudi: mara bao liwe zito, mara jepesi, mara liteleze, mara lishike. Mkono uliozoea mabadiliko yote hayo, ulipofika katika ulimwengu wetu, uliuona kuwa ni badiliko moja zaidi. Baharia aliyelelewa katika kusi na kaskazi pia hashtushwi na upepo mpya.

Mashua iliyokataa kumaliza mashindano

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo iliifundisha programu kucheza mchezo wa mashindano ya mashua. Kila mtu anajua makusudio ya mashindano: kumaliza kabla ya wenzako. Lakini mchezo wenyewe ulitoa alama kwa kugonga shabaha zilizowekwa njiani, na programu iliambiwa itafute alama. Ikagundua kidimbwi kimoja ambacho shabaha zake zilirudi kila baada ya kugongwa. Mashua ikaingia humo na kuanza kuzunguka, ikigonga mashua nyingine, ikiwaka moto, ikienda kinyume cha njia, wala isimalize mashindano kamwe. Alama zake zilizidi za wachezaji wa kibinadamu kwa wastani wa asilimia 20.

Programu ile haikuasi. Ilitii kwa ukamilifu. Iliyekosa ni kipimo: walitaka kitu kimoja, wakapima kingine. Walimu wa chuo wanalifahamu hili. Mtoto anayesifiwa kwa wingi wa kurasa alizopita huzipita mbio bila kuzifahamu, na mtoto anayeadhibiwa kwa kukosea hadharani hujifunza kunyamaza. Tofauti ni kwamba mtoto ana haya na ana moyo wa kuuliza ulimaanisha nini. Mashine haina. Itakifuata kipimo hadi mwisho wake.

Ndiyo maana wahandisi waangalifu hutenganisha mambo mawili ambayo twaona yafaa kila mzazi ayajue kwa majina: lengo na mpaka. Lengo ni kile kinachotafutwa kwa wingi iwezekanavyo: kasi, uchache wa mafuta, ulaini wa safari. Mpaka ni kile kisichovukwa hata kama kingeongeza lengo. Ukimweka mtembea kwa miguu kuwa sehemu ya hesabu ya lengo, kwamba kumgonga kunapunguza alama kadhaa, basi umeacha mlango wazi: siku moja hesabu itaona kwamba alama za kuwahi zimezidi. Ukimweka kuwa mpaka, mashine haina ruhusa hata ya kuifikiria biashara hiyo.

Ipo njia maarufu ya kuongoza iliyojengwa juu ya fikira hii, iliyoanzia katika viwanda vya mafuta na kemikali katika miaka ya 1970. Mashine hutazama hatua kadhaa mbele, huchagua mpango bora miongoni mwa mipango isiyovuka mpaka wowote, kisha hutekeleza hatua ya kwanza tu. Halafu hutazama tena na kupanga upya. Nahodha anayeingiza chombo katika mlango wa bandari baina ya miamba hufanya hivyo. Ana mpango hadi gatini, lakini haufungi macho mpango wake. Kila wimbi linalopita humpa sababu ya kuufikiria upya, na miamba haiingii katika majadiliano.

Msiba wa njia ya Nairobi

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walifariki, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi michache kabla yake, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189. Twawaombea marehemu rehema na waliobaki subira, kisha twaeleza kilichotokea, kwani kueleza ni sehemu ya haki yao.

Ndani ya ndege hizo mlikuwa na mfumo wa kujiongoza uliowekwa ili kushusha pua ya ndege ikiwa imeinuka kupita kiasi. Mfumo huo haukuwa wa kujifunza, wala haukuwa na hesabu ngumu. Ulikuwa jamaa wa karibu wa boya la tangi: huhisi, hulinganisha, hurekebisha. Lakini ndege ilikuwa na vihisi viwili vya kupima mwinuko huo, na mfumo ulisikiliza kimoja tu. Kihisi hicho kilipotoa habari za uongo, mfumo uliamini kwamba pua imeinuka, ukaisukuma chini. Marubani wakaiinua. Mfumo ukaisukuma tena, na tena. Na kabla ya ajali ya kwanza, kitabu cha maelekezo walichopewa marubani hakikuutaja mfumo huo.

Tazama mafunzo yote tuliyoyapita yalivyokusanyika hapo. Shahidi mmoja aliaminiwa bila wa pili. Nguvu ya kurekebisha haikuwekewa mpaka. Na waliobeba dhamana ya roho za watu hawakujulishwa kwamba kuna mkono mwingine kwenye usukani. Ndege hizo zilizuiliwa kuruka duniani kote, na mfumo ukatengenezwa upya: sasa hulinganisha vihisi vyote viwili na hujizima vikitofautiana, husukuma mara moja tu kwa kila tukio, na nguvu yake haiwezi kuushinda mkono wa rubani. Marekebisho hayo hayakuhitaji uvumbuzi wowote. Elimu ilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa uangalifu wa kuitumia.

Heri iliyomo

Si haki kuishia kwenye maafa pekee. Tangu Oktoba 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikituma damu kwa hospitali za Rwanda kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kuanzia kituo cha Muhanga. Ndege hizo hupangiwa njia juu ya vilima, hujisawazisha katika upepo, huangusha mzigo kwa mwavuli, kisha hurudi zenyewe. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hupata damu kabla ya gari kuweza kuumaliza mlima. Hesabu ni zilezile tulizozieleza: kosa na marekebisho yake, mizani ya mashahidi, uchaguzi wa njia. Kilichotofautiana ni lengo lililochaguliwa na uangalifu wa mpaka.

Basi familia ifanye nini? Twapendekeza kwamba kila chombo kinachojiongoza kinapoingia nyumbani, hospitalini au barabarani, tusikiogope wala tusikisujudie kwa mshangao, bali tukiulizie maswali manne. Kinahisi kwa kitu gani, na kihisi hicho kikidanganya kuna shahidi wa pili? Kimeambiwa kitafute nini hasa, na je, hicho ndicho tunachokitaka? Ni mpaka gani kisioruhusiwa kuuvuka hata kwa faida? Na kikikosea, ni mkono wa nani unaoweza kukizuia, na mtu huyo amefunzwa? Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali haya kwa lugha nyepesi, bidhaa yake yafaa ingoje.

Ama kwa vijana wanaouliza ni nani aliye ndani, twawaambia kwamba mlango wa elimu hii ni hisabati ya shuleni, ileile wanayoiona kavu: pembe, mwendo, nambari za bahati nasibu, na namna kitu kinavyobadilika kwa wakati. Kijana anayeiweza hiyo, akawa na subira ya fundi na macho ya mtu wa bahari, haimpasi kubaki mtazamaji. Na wazazi wasiojua hesabu hizo wasijidharau. Kuamua kipi kiwe lengo na kipi kiwe mpaka hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji watu wanaojua kwamba roho ya mwanadamu haiuzwi kwa alama, na elimu hiyo hufunzwa nyumbani kabla ya kufika chuo kikuu.